Nesi wa Katubuka Aliporudi Kazini

Jina lake nalijua, ila ukilitaja mtaani kwetu Katubuka watu watakuuliza unamtafuta nani. Kwetu yeye ni Nesi. Alikuwa Nesi alipokuwa akitoka asubuhi na sare nyeupe kwenda hospitali, na akabaki Nesi miaka yote aliyokaa nyumbani akikaanga migebuka, samaki wa ziwani kwetu, mbele ya mlango wake. Hata mumewe, fundi wa injini za boti, akija dukani kwangu kununua vocha husema, "Nesi kaniambia nichukue na sabuni," kana kwamba anamzungumzia mkuu wa wilaya.

Duka langu linatazamana na nyumba yao. Ukikaa nyuma ya kaunta muda mrefu unawajua watu kwa namna wanavyovuka barabara. Nesi havuki, yeye husafiri. Kutoka kwake hadi kwangu ni karibu kiasi kwamba angeweza kuniagiza chumvi kwa kupaza sauti tu. Lakini atasimama kwa mama muuza vitumbua aulize mguu unaendeleaje. Atamwamkia mzee fundi baiskeli, na shikamoo yake hiyo hiyo inageuka kuwa mahojiano kuhusu dawa za presha. Mtoto wa jirani akipita na kikohozi, atamshika kidevu, ampanue mdomo, achungulie, amwachie. Akifika kwangu amekwisha kusahau alichofuata.

"Nilikuja kununua nini, Mama Duka?"

"Nitajuaje mimi?"

Basi anacheka, na kicheko chake kinawafikia walio barabara ya pili.

Sauti yake ni kubwa. Ni ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa kwenye korido ndefu. Nilipohamia mtaani nilidhani ana ugomvi na kila mtu, kumbe alikuwa anasalimia. Lakini katika sauti yote ile sijawahi kusikia siri ya mtu. Dukani kwangu habari zote za Katubuka hupita: nani kamfukuza mke, nani kanunua kiwanja Bangwe kwa kujificha. Kwa Nesi hutoki na kitu. Siku moja nilimwona akitoka nyumba ya jirani yetu mmoja aliyekuwa amejifungia ndani wiki nzima, nikamuuliza kwa upole kabisa jirani anaumwa nini.

"Nani?" akasema.

"Si huko ulikotoka sasa hivi?"

"Aa, huko. Nilikwenda kuangalia mapazia yake. Mazuri sana."

Nikajua sitapata zaidi ya mapazia.

Alikuwa na mambo yake yasiyoelewana. Damu haimtishi hata kidogo, lakini kuku akichinjwa anakimbilia chumbani na kuziba masikio. Amewachoma sindano maelfu ya watu, na yeye mwenyewe akitakiwa kuchomwa anashikwa na mumewe mkono mmoja na mimi mkono mwingine. Nimeshamshika, najua. Anawakataza watu soda kwa ukali wa askari, halafu unamkuta nyuma ya duka langu amekaa juu ya kreti, chupa ya rangi ya chungwa mkononi.

"Hii ni ya uchovu," anasema. "Daktari hajanikataza."

"Daktari gani?"

"Bado sijamuuliza."

Na jambo kubwa kuliko yote: mke wa fundi wa boti alikuwa anaogopa ziwa. Amekulia mjini hapa, anakula samaki wa Tanganyika kila siku, anafua kwa maji yake, lakini mwaloni, boti zinapoegeshwa, alikuwa hasogei kupita mahali mawimbi yanapoishia. Mumewe alimtania kwamba aliolewa na nusu yake tu, nusu nyingine ikiwa majini haina mke.

Niseme sasa kwa nini aliacha kazi, maana watu wengine walizusha kwamba alifukuzwa. Mama mkwe wake, bibi wa Ujiji mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa, alipata kiharusi. Upande mmoja ukalala, na maneno yakawa yanamtoka yamekatikakatika. Mume alikuwa anashinda ziwani na safari nyingine zinamlaza vijiji vya mbali. Watoto walikuwa shule. Nesi aliomba likizo, likizo ikaisha, akaomba nyingine, nayo ikaisha. Mwisho akaandika kuacha. Nilimwona siku alipozikunja sare zake akaziweka kwenye sanduku la bati. Hakulia. Alizipiga pasi kwanza, ndipo akazikunja.

Tangu hapo akawa muuza migebuka. Alikuwa muuzaji mbaya, Mungu anisamehe. Mteja akija anakunja uso, badala ya kuulizwa anataka samaki wangapi anaulizwa kichwa kinamuuma upande gani. Na wagonjwa waliendelea kuja. Mama mwenye mtoto wa homa alipita kwake kwanza ndipo afikirie hospitali. Nesi hakuwachoma sindano nyumbani, hata wambembeleze vipi. "Mimi nauza samaki," aliwaambia. "Mtoto huyu anataka kupimwa damu. Twende." Na hiyo "twende" haikuwa maneno tu. Alikuwa akiipua karai, ananikabidhi meza, anajifunga khanga nyingine na kuongozana nao mpaka kituo cha afya. Nimewauza samaki wake wengi kuliko alivyowauza mwenyewe.

Bibi alipona polepole. Nesi alimnyoosha mkono asubuhi na jioni, akamfundisha kutembea kwa kushika ukuta, baadaye fimbo. Maneno yalirudi pia, na yaliporudi yalikuja na ukali wake wote. Ndiye aliyemrudisha Nesi kazini, na nilikuwepo, nimekaa uani kwao nachambua mchicha.

Nesi alikuwa anamfunga bibi kipimo cha presha mkononi. Ilikuwa mara ya tatu siku ile.

"Mwanangu," bibi akasema, "hiyo presha yangu inapanda kwa kukiona hicho kidude."

"Tulia kidogo, mama."

"Nimetulia miaka mingapi? Nimechoka kuuguzwa peke yangu. Mji mzima huu una wagonjwa, wewe umenikalia mimi tu. Nikipiga chafya unanipima. Nikilala unanichungulia kama ninahema. Rudi kazini, na mimi nipumzike."

Nesi akacheka. Bibi hakucheka. Aliuvua mwenyewe ule mkanda, kwa mkono uliokuwa umelala zamani, akauweka juu ya mkeka.

"Nasema kweli," akasema. "Chai najichemshia. Mjukuu atakuwa anakuja mchana. Nenda, mwanangu. Ulizikunja zile nguo kwa ajili yangu, nami ndiye ninayekwambia uzikunjue."

Jioni Nesi alikuja dukani, na kwa mara ya kwanza alivuka barabara moja kwa moja bila kusimama kwa mtu. Alikaa juu ya kreti lake. Hakuomba soda.

"Naogopa," akasema.

Nilidhani anamwogopea bibi. Kumbe anajiogopea yeye. Alisema dawa zimebadilika majina, vipimo vimebadilika, wauguzi wa siku hizi wanaandika kwenye vishikwambi, na yeye mikono yake imezoea kugeuza samaki. "Nikimuua mtu je, Mama Duka? Mgebuka ukiuunguza unautupa. Mtu je?"

Nikamwambia tu kwamba mimi mkono wangu upo, kama anataka kujaribia sindano. Nilisema kwa utani. Yeye akauchukua mkono wangu hapo hapo juu ya kaunta, akaufunga kamba ya mpira, akafumba macho na kuanza kuutafuta mshipa kwa ncha ya kidole. "Huu hapa," akasema, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Baada ya hapo hakuna mteja aliyetoka dukani kwangu bila kuguswa mishipa. Mzee fundi baiskeli alikuja akiwa amekunja mkono wa shati kabisa.

Akaazima vitabu, akawa anavisoma kwa sauti huku anakaanga. Mtaa mzima ulisoma naye. Hatua za uzazi ninazijua mpaka leo, na mama muuza vitumbua ukimgusa anaweza kukueleza dalili za kifafa cha mimba vizuri tu. Leseni yake ilikuwa imelala muda mrefu, hivyo ili ahuishiwe ilibidi kwanza afanye kazi kwa vitendo chini ya uangalizi. Akapangiwa wodi ya wazazi, na wa kumwangalia akawa muuguzi kijana, binti wa mtaa wa Rusimbi aliyeweza kuwa mwanawe.

Binti yule ndiye aliyenisimulia siku ya kwanza. Alisema alishindwa kulala vizuri kwa kufikiria atamwelekezaje mtu wa umri wa mama yake. Asubuhi akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Nesi akajibu. "Sasa tumeshamaliza. Kuanzia hapa wewe ni mwalimu, mimi ni mwanafunzi. Nikikosea usinionee haya, nisahihishe. Mgonjwa hajui nani mkubwa."

Na alikosea. Siku hiyo hiyo mtoto alizaliwa, na Nesi akafanya kama alivyofundishwa enzi zake: akataka kukata kitovu haraka na kumning'iniza mtoto miguu juu ampige kofi alie. Binti akamshika mkono. Akamwambia asubiri kidogo ndipo akate, amfute mtoto, amlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, awafunike wote wawili. Nesi akafanya hivyo. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, akabaki anamtazama mama yake.

Wengine wangenuna kwa kusahihishwa mbele ya mzazi. Nesi alirudi Katubuka mbiombio, hakuingia hata kwake, akaja kusimama mlangoni pa duka na kutangaza kwa ile sauti yake: "Jamani! Miaka yote ile tulikuwa tunawapiga watoto bure!" Alifurahi mno. Aliwatazama vijana wakubwa waliokuwa wamekaa kwenye benchi langu, wengine aliwazalisha yeye, akawaomba radhi mmoja mmoja. Kijana mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana hesabu zilinishinda." Tulicheka mpaka wateja wakaanza kujihudumia.

Alikaa wodini mpaka binti yule akamsainia, leseni ikahuishwa, akaanza kutafuta nafasi. Ikapatikana moja tu. Kituo cha afya cha upande wa Bangwe kilitaka muuguzi wa kliniki ya kutembea, anayekwenda na chanjo kwenye vijiji vya kando ya ziwa visivyofikiwa na gari. Kwa boti.

Mumewe alipoisikia habari ile alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona mkewe hacheki. Akaenda ndani, akatoka na jaketi la uokozi lake mwenyewe, la rangi ya chungwa, lililopauka kwa jua. Akamvisha, akamfunga kamba zote, akazivuta moja moja kuona kama zimekaza. "Hili limenirudisha nyumbani mara nyingi," akamwambia.

Safari ya kwanza tulikwenda kumsindikiza mwaloni, mimi na bibi na fimbo yake. Nesi aliingia botini kwa kushikwa na wanaume wawili, akakaa chini kabisa kwenye mbao, akalikumbatia kasha la chanjo na kufumba macho kabla hata injini haijawashwa. Boti ilipoondoka tukamsikia anaimba. Hakuwa na sauti ya kuimba, lakini aliimba mpaka tukaacha kumsikia. Aliporudi jioni khanga ilikuwa imelowa hadi magotini. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Ziwa baya," akasema. "Lakini kule wanawake walikuwa wamenisubiri tangu asubuhi. Nikawaamkia kwa kilugha chao, 'Mwakeye,' wakaitikia wote kwa pamoja, na watoto mgongoni. Sasa ningefanyaje? Niwaambie nimeogopa maji?"

Aliendelea kwenda. Hofu haikumwisha, alizoea tu kusafiri nayo.

Ikaja siku ambayo dereva wa boti aliugua malaria, na mumewe akaombwa ashike usukani. Kilichotokea siku hiyo nimekisikia kwa wote wawili, na kwa bahati masimulizi yao yanakubaliana, isipokuwa pale mume anapojipamba.

Walikuwa wamemaliza chanjo katika kijiji kimoja cha kusini, wanafunga vitu, akaletwa binti mjamzito wa familia moja yenye asili ya Kongo. Alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hasogei. Nesi alimpima, akasema aende hospitali sasa hivi. Wakampakia pamoja na mama yake mzazi. Mchana ulikuwa na upepo wa kusini na ziwa lilikuwa limechafuka. Wakiwa katikati, pwani inaonekana kama mstari tu, yule binti akapiga kelele kwamba mtoto anakuja.

Mume alitaka kuongeza mwendo. Nesi, aliyekuwa amekaa chini kama kawaida yake, akasimama. Kwenye boti, katika mawimbi, akasimama wima.

"Punguza injini! Ielekeze pua kwenye mawimbi, isiyumbe. Na wewe tazama mbele, usigeuke!"

"Na mimi kweli sikugeuka," mumewe anasimulia. "Nilifumba na macho."

"Dereva wa boti, kafumba macho!" Nesi anadakia.

Akapiga magoti katikati ya ndoo na makasha. Mama wa yule binti alishika mabega ya mwanawe kwa nyuma. Maji yaliruka yakawalowesha wote. Binti alikuwa anasema, "Mama we, nakufa, nakufa," na Nesi anamjibu, "Hufi. Mimi nipo. Pumua. Sasa sukuma." Mtoto akatoka, wa kiume, mzito, na hakulia.

Nesi anasema hapo ndipo kelele zote ziliisha, injini, upepo, kila kitu. Alimfuta usoni na mdomoni, akachukua khanga iliyokuwa kavu, akamsugua mgongo, akamsugua tena, akiongea naye kama mtu anayeamsha mwanafunzi aliyechelewa. "Haya, baba, haya, amka, umefika." Akasugua tena. Mtoto akakohoa, akalia.

Mume ndipo alipofumbua macho, akalia na yeye. Hilo huwa halisimulii. Nimelipata kwa Nesi.

Akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akawafunika kwa khanga zote zilizokuwemo botini na juu yake lile jaketi la chungwa. Hakumbuki alilivua saa ngapi. Walipofika mwaloni Bangwe wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kuwapokea, wakamnyanyua mama na mwanawe, na Nesi akashuka mwenyewe, akatembea majini mpaka kiunoni bila kushikwa na mtu.

Baada ya siku chache familia ile ilimfuata Katubuka na kuku na mkungu wa ndizi. Walikuja kuomba jina. Nesi akakumbusha kwamba mtoto ni wa kiume. Wakasema wanajua, na ndiyo maana wanaomba jina la mzee aliyewaendeshea boti. Nesi aliketi chini palepale kizingitini kwa kicheko. "Aliyefumba macho!" alikuwa anasema, machozi yanamtoka. "Mimi nimezalisha, kapewa aliyefumba macho!" Mumewe alisimama pembeni amejituliza, mikono nyuma, kama mtu aliyezoea heshima kama hizo. Yule kuku alimchinja yeye. Nesi alikimbilia chumbani.

Sasa haonekani mtaani kama zamani. Meza ya migebuka ilichukuliwa na mtu mwingine, anayejua kuuza. Bibi anakaa barazani mchana na fimbo yake, anamwambia kila apitaye kwamba mkwe wake yuko kazini, na hakuna anayemjibu kwamba alishaambiwa jana.

Mara ya mwisho kukutana naye kwa kirefu ilikuwa juzi juzi, asubuhi, nilipokuwa narudi sokoni na magunia yangu juu ya bajaji. Nilimwona kwa mbali anapanda barabara, ameongozana na mwanamke mmoja muuza mawese ninayenunua kwake mara kwa mara. Mwanamke huyo ni mtu mkimya, hupima mafuta bila kumwangalia mteja. Nilimsimamisha dereva.

"Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Wodi ya wazazi," Nesi akasema. "Humjui huyu? Huyu tulisoma naye chuo kimoja. Aliacha kazi watoto walipofuatana, mume akahama, na yeye akahama. Nilikwenda kununua mawese nikamkuta. Miaka yote hii anatupimia mafuta, mkunga mzima!"

Yule mama alikuwa ametazama chini. Alikuwa amevaa gauni safi la kitenge, na chini ya kucha zake bado kulikuwa na wekundu wa mawese usiokubali kutoka.

"Namwambia anirudishe nyumbani, hasikii," akaniambia, kana kwamba mimi ningeweza kumwokoa. "Dada, mimi nimesahau kila kitu. Kila kitu kabisa."

"Vizuri," Nesi akasema, akamshika mkono. "Mimi pia nilisahau. Njoo usahau wodini, kwenye kelele, huku watoto wanazaliwa. Utashangaa."

Yule mama akacheka. Katika kununua kwangu kote mawese kwake sikuwahi kumwona meno. Wakaendelea kupanda barabara, Nesi akisalimia kulia na kushoto. Akasimama kwa mtu, akasimama kwa mwingine. Kufika kwenye kona, mwenzake ndiye aliyekuwa amemshika mkono na kumvuta, akimwambia watachelewa.